Jina la Pili Ukutani

Jumatano, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, tulimpoteza Fundi. Alifia nyumbani kwake Shinyanga mjini, asubuhi, saa ambayo siku nyingine angekuwa anafungua kibanda. Kwangu Tinde, mke wangu alikuwa ameshafunga kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokatwa na kuanikwa juani, ili nimpelekee. Kilikuwa kimesimama karibu na mlango nilipopigiwa simu. Mpaka leo kipo pale pale. Mimi sikigusi na yeye hakigusi.

Msibani watu walinipa pole kama mfiwa. Mmoja baada ya mwingine: "Pole sana, Kupe. Mwenzako ametutoka." Nilipokea mikono yao, nikasema ahsante. Kupe ni jina langu la uwanjani. Kwenye ukuta wa uwanja wa mpira wa kikapu, karibu na kibanda chake, kuna majina mawili kwa rangi ya bluu. La juu ni lake, jina lake halisi ambalo wengi hatukuwahi kulitumia, na chini yake maneno: mfungaji wetu. La chini ni langu: aliyemkaba.

Wengi walionipa pole hawakuwepo siku jina la pili lilipoandikwa. Wanadhani wanajua maana yake. Naandika ili wajue lilifikaje pale.

Alikozaliwa na ukoo wake watasimulia ndugu zake. Mimi nilimjua akiwa fundi baiskeli na mfungaji wa vikapu, na kwake mambo hayo mawili yalikuwa kazi moja. Kibanda chake kilikuwa mbele ya duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi ambaye mji mzima ulimwita Bhai. Ukitoka kibandani unapiga hatua thelathini, umefika uwanjani. Fundi ndiye aliyekuwa akijaza mpira upepo kabla ya kila mchezo, kwa pampu yake ya baiskeli, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Akishajaza anaugonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anautoa upepo kidogo, anagonga tena. Marefa walimsubiri. Timu ngeni zilikasirika, zikadhani ni uchawi wa Kisukuma. Haukuwa uchawi. Alikuwa na sikio. Gurudumu la baiskeli pia alilizungusha akalisikiliza hivyo hivyo, kisha akakwambia ni spoku ipi imelegea kabla hajaishika.

Hakuwa mrefu sana. Mikono ndiyo ilikuwa mirefu, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilipinda, kwa sababu mnyororo wa baiskeli ulikibana zamani. Alisema kidole kile ndicho kilichomfundisha kufunga, maana kilikataa kunyooka, na mpira ulipotoka mkononi ulikuwa unazunguka wenyewe. Mpira ulianzia pembeni mwa sikio, si mbele ya uso kama tulivyofundishwa wote. Unamrukia mbele, yeye anatupia kutoka pembeni. Ukienda pembeni, ameshashuka chini na kukupita. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakibaki wamekaa chini, wanajitazama miguu.

Alikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Uwanjani hakujua kudanganya. Mpira ukimgusa na kutoka nje, refa akiwapa timu yake, yeye anauchukua na kuwapa wapinzani, na wenzake wanamtukana. Lakini kwenye kibanda hakuwahi kumwambia mteja ukweli kuhusu muda. Kila baiskeli aliyoipokea, iwe ya kuziba pancha au ya kufumua yote, jibu lilikuwa moja: "Njoo saa kumi." Ukija saa kumi unaikuta imepinduliwa, magurudumu juu, kama ng'ombe aliyelazwa kuchinjwa. Mzee mmoja wa Kolandoto aliwahi kumuuliza, "Fundi, saa kumi ya mwezi gani?" Watu walicheka mpaka Bhai akatoka dukani kuangalia kuna nini. Fundi hakucheka. Alisema, "Saa kumi ni saa kumi, mzee wangu," akaendelea kukaza nati.

Wala spana hakuazimisha. Ungeweza kumwomba shati ulilomkuta nalo, akalivua. Spana hapana. Nilishamwona akikataa kumpa padri spana namba kumi na tatu, na padri yuko palepale, mbele yake, anahitaji kukaza kitu cha dakika moja. "Lete baiskeli hapa nikukazie, Baba," alimwambia. "Spana yangu haitembei."

Wasichana wa mji ule waliojua kutupia mpira, wote aliwafundisha yeye. Rehema, ambaye leo ni mchoraji wa mabango, alianza kwake akiwa darasa la tano. Hakumsifu hata siku moja. Akifunga, Fundi anasema, "Tena." Akikosa, anasema, "Tena." Rehema aliniambia msibani kwamba alidhani mzee huyu hajui neno jingine.

Sasa niseme habari ya Jumamosi.

Kila Jumamosi mchana, mazoezi yakiisha, watu walikusanyika kwenye benchi la Fundi na kujadili jambo moja: nani alimkaba vizuri kuliko wote. Mjadala huo ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini. Fundi mwenyewe alishaacha kucheza, wachezaji wengine walishakuwa na wajukuu, mjadala haukuacha. Ulikuwa na sheria moja. Anayesema lazima awe ameshika pampu. Huna pampu, huna neno. Sheria ile aliiweka Bhai, baada ya siku moja watu kupigiana kelele mpaka wateja wake wakaondoka.

Waliotajwa kila mara tulikuwa watatu. Wa kwanza Masanja, mtu mrefu mwenye mabega kama mlango, mchimbaji wa huko Geita. Wa pili Mwalimu Deus, anayefundisha hesabu Kahama. Wa tatu mimi. Sote watatu tulifika Jumamosi tulizoweza.

Masanja akishika pampu alisimama. Hakuweza kusema akiwa amekaa.

"Mnaiona mikono hii? Huyu bwana alikuwa akiruka anakutana na mikono kabla hajaona ringi. Nilimzuia mpira wake mara tatu siku moja. Mara tatu!"

"Na mara ngapi hukumzuia?" Mwalimu Deus aliuliza bila pampu.

"Pampu! Pampu!" watu walipiga kelele.

Mwalimu alipopewa alieleza kama yuko darasani. "Mikono si hoja. Fundi alikuwa anapenda upande wa kulia. Mimi nilimfungia kulia msimu mzima. Nilikuwa nasimama nusu hatua tu, hivi. Nusu hatua."

Bhai, kutoka mlangoni mwa duka: "Ulimfunga kulia, yeye akakufunga kushoto. Mimi nilikuwepo, mwalimu. Nilikaa pale na soda yangu. Soda ilipata moto kwa sababu ya kukuhurumia."

Ndipo mtu angesema, "Na Kupe je?" Mmoja angejibu, "Kupe hana haja ya kusema. Vikapu vitatu. Mchezo mzima, Fundi vikapu vitatu!" Pampu ingeletwa kwangu. Mimi ningeishika, ningesema, "Nilibahatika tu," kisha ningempa mwenzangu. Watu waliniona mnyenyekevu. Walisema, tazameni, aliyeweza ndiye asiyejisifu.

Fundi wakati wote huo aliinamia gurudumu. Wakimuuliza aseme yeye mwenyewe, alijibu vile vile kila Jumamosi: "Mimi nilikuwa naangalia ringi. Waulizeni waliokuwa wananiangalia mimi."

Jambo jingine ambalo watu hawakuligundua ni kwamba Fundi hakuwahi kuniita Kupe. Mji mzima uliniita Kupe, hata mchungaji wangu. Yeye aliniita Baba Nyamizi. Nyamizi ni mtoto wangu wa kwanza. Watu walidhani ni adabu yake tu.

Mke wangu pia hataki jina la Kupe lisikike ndani ya nyumba yake. Siku moja mgeni alilitamka mezani. Mama Nyamizi alisimama, akaacha ugali wake ukapoa, hakurudi mpaka mgeni alipoondoka.

Ilikuwa hivi. Enzi hizo nilikuwa mchimbaji Geita, nashuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, siku tano na siku mbili nacheza kikapu. Timu yetu ya wachimbaji ilifika Shinyanga kwa lori kucheza fainali ya sikukuu ya Nane Nane na timu ya mjini, timu ya Fundi. Mke wangu alikuwa amekuja kwa mama yake, karibu na Kolandoto, kujifungua. Asubuhi tukiwa uwanjani tunanyoosha miguu, shemeji yangu alifika na baiskeli, jasho linamtiririka.

"Shemeji, wamemwingiza chumba cha upasuaji. Wanataka damu."

Niliwageukia wenzangu. Tulikuwa watu kumi na wawili, wenye nguvu, wanaovunja mwamba. Kila mmoja alitazama chini. Fainali ilikuwa saa tisa. Nahodha wetu alisema, "Mchezo ukiisha tu, tunaenda wote. Wote kabisa." Siwalaumu. Nilijua ningekuwa mimi ningetazama chini vile vile.

Fundi alikuwa upande wa pili wa uwanja anajaza mpira. Alikuwa amesikia. Nilikuwa namjua kwa sifa tu, sikuwahi kusalimiana naye. Aliacha pampu ikining'inia kwenye mpira, akavuta baiskeli yake, akasimama mbele yangu.

"Panda."

Alinibeba kwenye keria mpaka hospitali ya Kolandoto. Mwendo wa saa nzima ukiwa na mtu mzima nyuma. Hospitalini walitupima wote. Yangu haikufaa, yake ilifaa. Akalala kitandani, mkono umenyooka, anatazama dari. Walipomaliza, nesi alimpa chai na kumwambia, "Kunywa, ule, upumzike. Leo usifanye kazi nzito. Unasikia?"

"Nasikia," alisema Fundi.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Na mimi nilisikia.

Mtoto alitoka salama, wa kike. Mke wangu akaongezewa damu, akafumbua macho. Mama mkwe alitoka nje akatuambia mtoto ataitwa Nyamizi, jina la mama yake, kisha akatufukuza. "Nendeni mkacheze huko. Hapa wanaume hamna kazi."

Kurudi niliendesha mimi. Fundi alikaa nyuma, pamba imebanwa kwenye kiwiko. Tulipokaribia mjini alisema, "Baba Nyamizi." Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuniita hivyo.

"Naam."

"Wasijue leo. Wenzangu wakijua watanikalisha nje."

"Sawa."

Leo. Ndilo neno alilosema. Nimelirudia kichwani mara nyingi, na halibadiliki. Aliniomba siri ya siku moja.

Tulipofika nilikwenda kwa nahodha wetu, naye alikuwa amesimama karibu na benchi la wapinzani. Nilimwambia, "Huyu Fundi leo mkimbizeni. Kila mpira upite upande wake. Asipate nafasi ya kupumua."

"Kwa nini leo?"

"Mkimbizeni tu. Mimi nitamkaba."

Sikumwambia sababu. Sikuwa na hasira na mtu yule, wala sikuwa na sababu ya kumkasirikia. Mke wangu alikuwa hai kwa sababu yake. Nilitaka tu kushinda, na nilijua kitu ambacho wengine hawakukijua, nikakitumia. Nimejaribu kutafuta maelezo mengine ya kunisaidia. Hayapo.

Robo ya kwanza alifunga vikapu viwili. Robo ya pili kimoja. Baada ya hapo hakufunga tena. Nilimganda. Kifua changu kilikuwa mgongoni mwake na nilimsikia anatetemeka kama injini inayotaka kuzima. Midomo yake ilikuwa mikavu. Watazamaji waliotoka vijijini na ng'ombe wao walianza kupiga kelele, "Kupe! Kupe! Kupe!" Jina lilizaliwa hapo. Robo ya mwisho aliinama, akashika magoti, akatapika chai ile ile ya hospitali pembeni mwa mstari. Kisha akarudi kucheza. Watu walisema Kupe amemmaliza.

Tulishinda. Alikuja akanipa mkono.

"Mama Nyamizi atakuwa ameamka," alisema. "Nenda."

Mchezo ule ulinilisha. Kampuni moja ya ulinzi huko migodini ilikuwa na timu, ikanichukua kwa sababu ya vikapu vitatu. Niliacha kushuka duarani. Wenzangu wawili kati ya waliobaki walifukiwa na kifusi mwaka uliofuata. Nilifanya ulinzi mpaka magoti yalipokataa, nikahamia Tinde kulima. Watoto wangu wamesoma kwa mchezo ule.

Mwaka wa kwanza sikusema kwa sababu ya ahadi. Mwaka wa pili sikusema kwa sababu ya kazi. Baadaye nikaona aibu, na baada ya aibu ikawa mazoea. Kila mwaka mke wangu alifunga kiroba cha michembe, ananipa nimpelekee Fundi. Kila nilipotoka aliniuliza, "Na leo utasema?" Nilijibu, "Nitaona." Fundi alipokea kiroba, akasema, "Wabeja, mwambie Mama Nyamizi wabeja sana," yaani ahsante, akakiweka chini ya benchi. Kisha Jumamosi iliendelea, pampu ikafika kwangu, nikasema nilibahatika tu.

Nilidhani Fundi alijua nusu. Alijua kwamba nilijua. Nusu ya pili, lile neno nililomwambia nahodha, nilidhani ninalo peke yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu kamati ya uwanja iliamua kupaka ukuta rangi. Fundi alikuwa anaumwa, kila mtu aliona. Miguu ilivimba na koti hakulivua hata jua linapochoma. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba tuharakishe, lakini tuliharakisha. Rehema akapewa kazi ya kuandika majina mawili, la mfungaji na la aliyemkaba, na Jumamosi moja tukaitwa wote watatu tulimalize.

Nilifika na baiskeli yangu, gurudumu la nyuma linayumba. Fundi aliliangalia kabla hajaniangalia mimi.

"Iache hapo. Njoo saa kumi."

Benchi lilijaa, wengine walisimama barabarani. Rehema alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, brashi mkononi. Jina la Fundi lilikuwa tayari ukutani. Chini yake alishaandika "aliyemkaba" na nafasi tupu.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Leo nataka jina. Rangi inakauka kwenye kopo."

Masanja alikamata pampu kwanza. Siku ile hakukuwa na utani. Alisema kwamba ametoka Geita kwa ajili ya jambo hili, kwamba mwili wake umechakaa kwa mwamba na hana kitu kingine cha kuwaachia watoto wake zaidi ya jina. Mwalimu Deus alinyoosha mkono. Masanja hakumpa pampu.

"Nipe."

"Sijamaliza."

"Umemaliza tangu zamani. Wewe ulikuwa unampiga viwiko, si kumkaba. Na refa alikuwa binamu yako."

Masanja alimsogelea, pampu imeinuliwa. Watu walisimama. Bhai alipita katikati yao na tumbo lake, akasema, "Piga mimi kwanza. Lakini pampu ikivunjika utanunua hapa hapa kwangu." Hakuna aliyecheka, ila Masanja alishusha mkono.

"Tupige kura," mtu alisema.

Walinyoosha mikono. Masanja alipata kidogo, Mwalimu alipata kidogo. Kwangu iliinuka mikono mingi mpaka hawakuhesabu. Rehema alisimama, akachovya brashi. Niliona tone la bluu likidondoka kwenye kiatu chake. Nilimfikiria Mama Nyamizi, siku atakapopita pale na kusoma.

"Naomba pampu," nilisema.

Masanja alinipa bila kunitazama. Nilisema mambo yote mawili. Nilianza na baiskeli, na damu, na nesi. Nilisema nesi alivyosema. Nilisema nilikuwa nimesimama wapi aliposema. Kisha nikasema neno nililomwambia nahodha. Sauti yangu haikutoka vizuri, mtu wa nyuma akasema, "Ongea kwa nguvu," ikabidi nirudie: "Niliwaambia wamkimbize kwa sababu nilijua hana damu."

Gurudumu ambalo Fundi alikuwa analizungusha lilikuwa bado linazunguka. Alilisimamisha kwa kiganja.

"Ina maana," Masanja alisema polepole, "miaka yote hii tunapiga kelele hapa, wewe unatucheka?"

"Sikuwa nacheka."

"Kumbe kupe kweli," mtu mmoja alisema, na wengine waliguna.

Mwalimu Deus alikuwa ameshika kichwa. "Basi mchezo ule hauhesabiki. Tunabaki mimi na Masanja. Rehema, subiri kwanza."

"Nani amesema hauhesabiki?"

Alikuwa Fundi. Hakuwa ameshika pampu, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

"Nesi aliniambia mimi. Mimi nikaenda nikavaa jezi. Hakuna aliyenibeba kuingia uwanjani." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamkatikia. Kisha akanigeukia. "Na hilo la kukimbizwa nililisikia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi letu nafunga kamba ya kiatu, nyuma ya nahodha wenu. Hamkuniona."

Nikakaa kwenye benchi, pampu bado mkononi.

"Mbona hukusema, Fundi?" Rehema aliuliza.

"Nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe."

Fundi alinitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa ya njano.

"Ningekuwa wewe," alisema, "nisingefanya."

Hakupandisha sauti. Nilisema, "Najua."

"Lakini mchezo ulichezwa. Hawa wawili walinikaba nikiwa mzima, nikawafunga, wanajua wenyewe. Siku ile sikufunga. Aliyekuwa mgongoni kwangu alikuwa yeye, si mtu mwingine." Akamgeukia Rehema. "Andika Kupe."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipolisikia jina lile kinywani mwake.

"Fundi, naomba lisiandikwe," nilisema.

"Ukuta si wako. Rehema, andika."

Rehema alisimama na brashi, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akafanya alichofundishwa na mzee yule tangu darasa la tano, yaani kutii. Herufi nne. Tulisimama wote tukimtazama mpaka akamaliza. Masanja aliondoka kabla rangi haijakauka, hakuaga. Mwalimu Deus alinipa mkono, lakini mkono ulikuwa mwepesi, kama anayegusa kitu cha moto.

"Kupe," Fundi alisema, "nipe pampu yangu."

Nikampa.

Sijui kama alinipa tuzo au adhabu. Watu wananiuliza, hasa wale waliokuwepo, na kila mmoja ana jibu lake. Mama Nyamizi ana lake, hajaniambia. Mimi sina, na sitaki kulitunga sasa wakati hayupo wa kunikosoa.

Nilikwenda kuzunguka sokoni. Sikununua kitu. Nilikaa kwenye kivuli cha ghala mpaka saa kumi, si kwa sababu niliamini, ila sikuwa na pa kwenda na Tinde ni mbali kwa miguu. Nilirudi nikitegemea kuikuta imepinduliwa.

Baiskeli yangu ilikuwa imeegeshwa kwenye nguzo ya kibanda. Gurudumu la nyuma lilikuwa limenyooka. Mnyororo ulikuwa umepakwa grisi, magurudumu yote mawili yamejaa upepo. Benchi lilikuwa tupu. Fundi alikuwa amekaa peke yake, koti limefungwa mpaka shingoni, mikono yake mirefu imelala juu ya magoti. Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kuona baiskeli ya mtu iko tayari saa kumi.

Nilizungusha gurudumu. Lilikuwa kimya kabisa.

"Mama Nyamizi hajambo?" aliuliza. Hakuniita jina lolote.

"Hajambo."

"Mwambie michembe imeisha."

Nikasema nitamwambia. Nikapanda, nikashika njia ya Tinde.